Mafuta ya Mussolini: Haki za Nchi Zisizoegemea Upande na Kushindwa kwa Vikwazo, 1932–1936



Kila inapozungumzwa habari ya Ethiopia kuvamiwa na Italia, lawama huelekezwa kwa Shirikisho la Mataifa. Ni lawama ya haki, ila inaliacha kando swali ninalotaka tulijadili leo: je, nchi isiyokuwamo vitani ina haki ya kuendelea kumuuzia mvamizi?

Swali hilo lilikuwapo tangu Mkutano wa Kupunguza Silaha, uliofunguliwa Geneva tarehe 2 Februari 1932 chini ya Arthur Henderson. Ufaransa haikuwa tayari kupunguza silaha bila kuhakikishiwa usalama. Uingereza nayo ilisita kuahidi vikwazo. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Shirikisho iliwataka wanachama wakate biashara na mvamizi, lakini Marekani haikuwa mwanachama. Manowari za Waingereza zikifunga bahari ili kutekeleza vikwazo, zingekutana na meli za mizigo za Wamarekani, na ugomvi wa namna hiyo ulishazikorofisha nchi hizo mbili kuanzia 1914 hadi Marekani ilipoingia vitani 1917.

Ndiyo maana naiona hotuba ya Norman Davis, mjumbe wa Marekani, ya tarehe 22 Mei 1933, kuwa nzito kuliko inavyokumbukwa. Alieleza kwamba, mkataba wa kupunguza silaha ukipatikana, na Marekani yenyewe ikiridhika kuwa nchi fulani imevunja amani, haitafanya lolote la kudhoofisha hatua za pamoja dhidi ya nchi hiyo. Maana yake, Marekani ingeacha kuitetea biashara yake na mvamizi. Lakini Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti ya Marekani ikataka marufuku yoyote ya kuuza silaha izihusu pande zote za vita kwa usawa, na Oktoba Ujerumani ikajitoa mkutanoni. Mkataba haukupatikana, na ahadi ikaenda nao.

Gharama yake ililipwa na Ethiopia. Tarehe 31 Agosti 1935 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku kuuza silaha kwa yeyote aliye vitani, na tarehe 3 Oktoba majeshi ya Italia, chini ya Mussolini, yakavuka mpaka wa Ethiopia. Usawa gani huo? Italia ilikuwa na viwanda vyake vya bunduki, mizinga na ndege. Ethiopia ilitegemea kununua. Kitu ambacho Italia ilikuwa haina ni mafuta, na sheria haikuyagusa. Shirikisho nalo, lilipoanza vikwazo tarehe 18 Novemba, liliyaacha mafuta, na miongoni mwa hoja ilikuwa kwamba Wamarekani wangeziba pengo. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Cordell Hull, aliwasihi wafanyabiashara wajizuie, lakini mauzo yakaongezeka. Mfereji wa Suez ukabaki wazi, askari na shehena za Italia zikipita kuelekea bandari ya Massawa, Eritrea. Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei 1936.

Sikubali kwamba huko kulikuwa kukaa pembeni. Anayewanyima silaha wote wawili huku akimuuzia mafuta mwenye ndege ameshachagua upande.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 ulijaribu kuliziba pengo hilo: ibara ya 25 inawafunga wanachama wote kwa maamuzi ya Baraza la Usalama. Hata hivyo, vikwazo vingi vya leo huwekwa na nchi moja au kundi la nchi, nje ya Baraza, na muuzaji wa tatu hafungwi navyo. Napendekeza kikao hiki kianze na wauzaji hao: wanaitwa mezani lini, na wanafidiwa nini wakikubali kupoteza soko?