Kumsaidia Maskini wa Mbali: Mafunzo kutoka Labrador

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katika mambo yaliyo mbele ya mkutano huu limo shauri la kutenga fungu la fedha za chama kwa ajili ya maskini walio mbali nasi, nje ya mipaka ya nchi yetu. Wako wanachama waliosema kwamba sadaka haichagui jirani. Wako na wengine waliosema kwamba fedha hizi ni jasho la watu, wala haifai kuzimwaga mahali tusipopajua. Pande zote mbili zimesema neno la haki. Kwa hiyo tumeona vema, kabla ya kura kupigwa, tuwasimulie habari za kazi moja ya dini iliyofanywa katika nchi ya mbali sana, ili tupate kupima shauri letu kwa yale yaliyowapata wenzetu.

Nchi yenyewe ni Labrador, katika pwani ya kaskazini mashariki ya Kanada. Zamani za habari hii ilikuwa chini ya Newfoundland, ambayo iliingia katika Kanada mwaka 1949. Ni pwani ya miamba mitupu, na wakati wa baridi bahari yake huganda hata meli zisiweze kupita kwa miezi mingi. Walioishi huko walikuwa wavuvi wenye asili ya Ulaya, pamoja na wenyeji wa tangu kale, yaani Wainuit na Wainnu. Mwaka 1892 alifika huko daktari kijana Mwingereza, Wilfred Grenfell, katika meli iliyoitwa Albert, ametumwa na chama cha misheni cha kuwahudumia wavuvi wa baharini. Katika msimu ule mmoja aliwatibu watu wapatao 900. Mwaka uliofuata hospitali ya kwanza ilifunguliwa mahali paitwapo Battle Harbour.

Lakini daktari yule hakukawia kutambua kwamba maradhi yalikuwa matawi tu, na mzizi ulikuwa mahali pengine. Mwanzo wa msimu mvuvi alikwenda kwa mfanyabiashara akakopeshwa unga, chumvi na vyombo vya kuvulia. Mwisho wa msimu alimpelekea mfanyabiashara yule yule samaki wake, na bei ya samaki, kama bei ya unga, ilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara. Fedha taslimu mvuvi aliziona kwa nadra sana. Msimu ukiwa mbaya, deni lilivuka mwaka, na nyumba ikaingia baridi bila chakula cha kutosha. Hapo ndipo kifua kikuu kilipopata nafasi. Daktari aliweza kumpa mgonjwa dawa ya kifua. Je, dawa ya deni angeitoa wapi?

Mwaka 1896, katika kijiji cha Red Bay, wavuvi waliungana kwa msaada wake wakafungua duka la ushirika. Walichanga kidogo kidogo, wakanunua bidhaa kwa jumla, na samaki wao wakawauza kwa pamoja. Wafanyabiashara hawakufurahi, lakini wavuvi walianza kujua bei ya kazi ya mikono yao.

Tena liko jambo la nguo, ambalo twaomba akina mama walisikilize. Nguo kuukuu zililetwa kwa wingi na watu wema wa ng'ambo. Misheni iliona kwamba mtu mwenye nguvu akipewa bure kila siku, mwisho huona haya machoni pa watoto wake. Basi aliyeweza kufanya kazi alizipata nguo kwa kazi: kukata kuni, kujenga, au kazi ya mikono. Wanawake walitengeneza mazulia madogo kwa ustadi wao wa tangu zamani, yakauzwa Marekani na Uingereza. Hata soksi ndefu za hariri zilizochakaa ziliombwa kwa mabibi wa huko ziwe malighafi. Kilichokuwa takataka kwa wengine kikawa ujira kwao.

Ndugu wanachama, haingekuwa haki kusimulia mazuri peke yake. Baadhi ya maduka ya ushirika yaliyofunguliwa baadaye yalianguka kwa sababu biashara haikusimamiwa vizuri. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1908 waliletwa pia wanyama 300 wa kufugwa, wa jamaa ya kulungu, kutoka kaskazini mwa Ulaya, ili watoe maziwa na kuvuta mizigo. Waliongezeka kwanza, kisha wakapungua kwa kuwindwa kwa siri, na shauri lote likafa. Mfugo ulikuja, lakini moyo wa kufuga haukuota.

Lililo zito kupita hayo ni habari ya shule za bweni. Mwaka 2017 Waziri Mkuu wa Kanada, Justin Trudeau, aliwaomba radhi hadharani waliosoma zamani katika shule hizo, zilizoendeshwa na wamisheni wa Moravia na chama kilichoundwa mwaka 1914 kuendeleza kazi ya Grenfell. Watoto wa wenyeji walitengwa na wazazi wao, na lugha yao, na desturi zao. Na wako waliotendewa maovu. Twawaomba wazee walitie jambo hili moyoni. Chama kilichowaponya watu wengi ndicho hicho hicho kilichowaumiza wengine, pale kilipodhani kwamba kinajua kuliko mzazi lililo jema kwa mtoto.

Grenfell alifariki mwaka 1940. Mwaka 1981 hospitali za chama chake zikawa chini ya serikali ya jimbo, na huduma iliyoanza kwa sadaka ikawa haki ya raia.

Basi, wazee wetu, Kamati haisemi fungu hili lisitengwe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini twaomba mkutano ukubali masharti matatu. Kwanza, kabla ya shilingi moja kutoka, tusikie kwa vinywa vya wazee na akina mama wa mahali pale wenyewe ni kitu gani kinachowafunga, wala tusiwachagulie haja zao. Pili, walio na nguvu wasaidiwe kwa namna itakayowaacha na kazi na heshima yao. Wagonjwa, wazee na yatima wapewe bila kuulizwa kitu. Tatu, hesabu ya fungu hili isomwe hapa kila mwaka, senti kwa senti, mbele ya aliyechanga.

Mkiyakubali haya, sadaka yetu itafika kwa watu, nao watabaki wenye nyumba zao.