Zamu ya Kulitazama Jua



Tarehe 23 Mei, 1967, rada tatu kubwa za Marekani zilipofuka kwa mpigo mmoja. Ya kwanza ilikuwa Thule, huko Greenland; ya pili Clear, Alaska; na ya tatu Fylingdales, nchini Uingereza. Kazi ya rada hizo ilikuwa moja tu, nayo ni kungojea makombora ya Urusi kutoka upande wa ncha ya kaskazini. Katika miaka ile ya vita baridi, kuziziba rada hizo kwa makusudi kulihesabiwa kuwa ni kitendo cha vita. Kwa hiyo makamanda walipoona zimejaa kelele na hazioni kitu, fikra yao ya kwanza ilikuwa ile ambayo askari yeyote angekuwa nayo, yaani kwamba adui amekwisha anza. Ndege za kuchukua mabomu ya nyuklia zikaanza kutayarishwa.

Adui hakuwa ameanza. Lililoziziba rada zile lilikuwa jua.

Mkasa huo ulikaa muda mrefu bila ya kujulikana na watu wengi, mpaka mwaka 2016, pale Profesa Delores Knipp wa Chuo Kikuu cha Colorado na wenzake, pamoja na maafisa wastaafu wa Jeshi la Anga, walipouandika. Kwa maelezo yao, jeshi hilo lilikuwa limeanza kulichunguza jua miaka kadhaa kabla ya hapo. Kundi kubwa la madoa lilikuwa limejitokeza juani siku chache kabla ya tukio, na watu wa zamu walikuwa wakiliangalia kila siku. Makao makuu ya ulinzi wa anga yalipouliza kama kuna jambo lolote juani, afisa aliyekuwa zamu hakuhitaji kwenda kutafuta; jibu alikuwa nalo mkononi. Taarifa ikapandishwa kwa wakubwa upesi, na ndege hazikuruka.

Yafaa jambo moja lizingatiwe hapa. Saa arobaini hivi baada ya mlipuko ule, dunia ilipigwa na tufani ya usumaku iliyovuruga mawasiliano ya redio kwa siku kadhaa. Ndege iliyokwisha kupaa na silaha zake huitwa irudi kwa redio. Kama zingelikuwa angani siku zile, amri ya kurudi ingelipita wapi?

Doa la jua ni mahali ambapo usumaku umekuwa mkali kiasi cha kuzuia joto la ndani lisipande, na ndiyo maana mahali hapo huonekana peusi. Doa moja kubwa laweza kuimeza dunia yetu mara kadhaa. Madoa hutokea kwa makundi, na kila kundi hupewa namba yake. Namba zitumikazo siku hizi zilianza Januari 1972. Kwa kuwa jua hujizungusha, na kutoka duniani mzunguko huo huonekana kuchukua siku 27 hivi, kundi moja huonekana kwetu kwa muda wa majuma mawili, kisha huzama ukingoni. Mtu wa zamu huangalia ukubwa wa kundi, kasi ya kukua kwake, na zaidi ya yote namna usumaku wake ulivyopangika. Kundi ambalo ncha zake mbili za usumaku zimekaa mbalimbali huwa limetulia. Lakini zikichanganyika, ncha ya kaskazini na ya kusini zikibanana ndani ya kivuli kimoja, hapo ndipo baruti ilipo.

Milipuko yenyewe hupewa herufi tano, A, B, C, M na X, na kila herufi ni mara kumi ya ile iliyoitangulia. Sasa hapa kuna jambo ambalo mtu asiye askari huenda asilione uzito wake. Miale ya mlipuko husafiri kwa mwendo wa nuru, ikafika duniani kwa dakika nane na sekunde ishirini. Habari za mlipuko nazo husafiri kwa mwendo huo huo. Maana yake ni kwamba mlinzi aonapo mlipuko kwa darubini yake, pigo limekwisha fika. Wingu la gesi ndilo linalochelewa, saa kumi na tano mpaka siku tatu, na kwa hilo kuna nafasi ya kupiga mbiu. Kwa mlipuko wenyewe hakuna mbiu ila ile itolewayo kabla, kwa kuyasoma madoa, na mbiu hiyo hutolewa kwa asilimia: uwezekano wa mlipuko wa M leo ni kiasi fulani, kesho kiasi fulani.

Wako wanaozicheka asilimia hizo, na si kwamba hawana sababu. Mwanzoni mwa Septemba 2017 kundi namba 2673 lilikuwa doa moja jepesi ambalo halikumtisha mtu. Katika siku mbili tatu likafura kwa kasi iliyowashangaza wataalamu, na tarehe 6 likatoa mlipuko wa X9.3, mkubwa kuliko wote wa mzunguko ule wa jua. Saa ya Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa na dakika mbili alasiri, na jua lilikuwa utosini mwa Ghana. Bara zima la Afrika, pamoja na jangwa, misitu na bahari zake, lilikuwa mbele ya bunduki. Upande wa pili wa Atlantiki, watu waliokuwa wakihangaika na kimbunga Irma katika visiwa vya Karibiani wakapotewa na mawimbi mafupi saa ile ile waliyoyahitaji kupita siku zote, na wakuu wa usafiri wa anga wa Ufaransa wakapoteza mawasiliano hayo na ndege moja kwa dakika tisini hivi.

Basi utabiri una mipaka yake. Hata hivyo mwaka 1967 kilichowaokoa watu hakikuwa utabiri uliotimia kwa saa na dakika. Kilichowaokoa ni kwamba palikuwa na mtu macho, na njia fupi kutoka kwake mpaka kwa mwenye kutoa amri. Kwa hiyo swali la kuliuliza upande huu wa dunia ni hili: nani yuko macho, na habari yake hupita njia gani?

Jibu la karibu liko Hermanus, mji mdogo wa pwani nchini Afrika Kusini, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Cape Town. Watalii huenda huko kuangalia nyangumi. Wataalamu wa usumaku walikwenda kwa sababu nyingine kabisa: treni za umeme za Cape Town zilikuwa zikivitia wazimu vipimo vyao, ikabidi kituo kihamishwe, na mwaka 1941 kikaanza kazi hapo. Siku hizi kimo chini ya Shirika la Taifa la Anga za Juu la nchi hiyo, na mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikiteua kuwa kituo cha kanda cha kutoa habari za hali ya anga za juu. Novemba 2022 kikafunguliwa chumba cha zamu kinachofanya kazi saa ishirini na nne, usiku na mchana.

Askari wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba zamani Afrika Kusini ilikuwa nchi ya makaburu, na kwamba kituo chochote huko kilikuwa cha adui. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini tangu mwaka 1994 nchi hiyo ni mwanachama mwenzetu katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na mwaka 2013 askari wa Tanzania, wa Afrika Kusini na wa Malawi walikaa mahandaki mamoja huko Kongo ya mashariki, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa amri ya kuyapokonya silaha makundi ya waasi. Milima na misitu ya huko haikubali redio za masafa ya karibu kwa wepesi. Panapo bonde na bonde, mawimbi mafupi ndiyo yanayoruka juu, yakagonga tabaka la angani liitwalo ayonosfia, yakarudi chini. Na tabaka hilo ndilo linaloshambuliwa na jua.

Jirani wa pili ni Ethiopia. Kituo cha vipimo vya usumaku cha Addis Ababa kilianza katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, na umaarufu wake hautokani na ukubwa wa mitambo, bali unatokana na mahali kilipo: karibu kabisa na ikweta ya usumaku. Hili si jambo dogo. Mataifa ya kaskazini yanapozungumza juu ya tufani za jua, macho yao huenda kwanza kwenye ncha za dunia, ambako mianga ya rangi huwaka angani usiku. Sisi wa ikweta tuna shida yetu nyingine. Baada ya jua kutua, ayonosfia ya kwetu hufanya kama maji yachemkayo, ikatoa mapovu makubwa yanayoyumbisha ishara za setilaiti. Hutokea zaidi katika miezi ya Machi na Septemba, na zaidi tena katika miaka ambayo madoa ya jua ni mengi, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Chombo cha kuonyesha njia kikimtupa mwenye doria nje ya mahali alipo saa mbili usiku, huenda si kibovu.

Ama kuhusu mlipuko wa mchana, fundi wa mawasiliano aliyefundishwa vizuri aweza kuutambua bila ya kuambiwa. Mawimbi mafupi hufifia yote pamoja, masafa ya chini yakitangulia, na vituo vya mbali vya utangazaji hupotea navyo. Kilichobaki ni ukimya, kama kwamba waya wa eriali umekatwa. Redio za masafa ya karibu huendelea kusema. Upande wa dunia wenye usiku haudhuriki. Adui azibaye redio hufanya kinyume cha hayo: hutia kelele, tena huitia pale penye masafa yatumikayo, akakufuata unapohama. Lakini tofauti hii isichukuliwe kuwa amri isiyovunjika, kwa maana jua nalo hutoa kelele zake, na kelele hizo ndizo zilizowapotosha makamanda wa mwaka 1967.

Dawa yake katika kikosi si ngumu. Fundi hupanda kwenye masafa ya juu zaidi aliyoruhusiwa, kwani hayo hudhurika kidogo na ndiyo yanayopona kwanza. Kama hayo nayo yamekufa, hungoja. Mlipuko wa kawaida humaliza ukali wake kwa dakika chache mpaka saa moja hivi, ule mkubwa kwa saa kadhaa. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuifungua mashine katikati ya ukimya ule na kuanza kuitengeneza. Jua linapoiachia njia, mashine iko vipande vipande mezani.

Na kabla ya kungoja, fundi huandika katika kitabu cha zamu saa ya kukatika, masafa aliyokuwa akitumia, na saa ya kurudi. Maandishi hayo yaweza kulinganishwa na vipimo vya mlipuko vilivyotangazwa siku ile. Saa zikilingana, kamanda hujua la kufanya na ripoti ile. Zisipolingana, karatasi hiyo hiyo hupelekwa kwa afisa wa upelelezi.