Kichomi na Homa ya Uti wa Mgongo: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka, Kinoo



Nimeombwa niseme machache juu ya adui asiyeonekana ila kwa darubini, aitwaye na madaktari nyumokokasi. Kijidudu hiki hukaa puani na kooni mwa watoto walio wazima, kikaenea kwa kukohoa na kupiga chafya. Kikishuka mapafuni huleta kichomi, yaani nimonia. Kikipenya katika damu hata kufika kwenye utando wa ubongo, huleta homa ya uti wa mgongo.

Sote twaijua baridi ya Kinoo mwezi wa Julai. Mtoto akikohoa, watu husema, "Ni baridi tu, itapita." Msiseme hivyo kabla ya kuhesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili, naye ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa aliyetimiza mwaka 1 na hajafika miaka 5, ni dalili ya nimonia: apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, akishindwa kunyonya, shingo ikikakamaa, au akishikwa na degedege, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku.

Dawa ipo. Nimonia isiyo kali hutibiwa kwa amoksisilini ya kunywa. Iliyo kali huhitaji sindano, na pengine oksijeni. Homa ya uti wa mgongo hutibiwa hospitalini kwa sindano za seftriaksoni, na kuchelewa kwaweza kumwacha mtoto kiziwi, au kumwua. Dawa iliyoagizwa na imalizwe yote.

Kinga nayo ipo. Tangu 2011 Serikali ya Kenya huwachanja watoto wachanga, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Huko Kilifi, pwani, wataalamu walipopima matokeo waliona kwamba maradhi makali ya aina za kijidudu zilizomo katika chanjo yalipungua kwa 92 katika kila 100, kwa watoto wa chini ya miaka 5. Lakini aina nyingine zingaliko. Basi tusiache kuhesabu pumzi.

Wazee wangu, katika nyumba nyingine mama hawezi kutoka usiku mpaka baba au babu atoe ruhusa na nauli. Nawasihi ruhusa hiyo itolewe leo, kungali mchana, kabla ugonjwa haujabisha hodi.