Maombi Bila Kisasi

Leo tunazungumza juu ya kumtumaini Mungu wakati wa shida.

Sisi wa Uvira shida tunaijua. Oktoba 1996 vita ilipofika hapa, wengi walivuka ziwa mpaka Kigoma. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Kila mara tuliomba. Lakini tujiulize: tunaomba namna gani?

Mtu anaweza kupiga magoti asubuhi, na jioni akanoa panga. Huyo anamwomba Mungu chakula, lakini hukumu ameibakiza mikononi mwake. Bado hajamtumaini.

Mkumbukeni Yusufu, ambaye Wakristo na Waislamu wote tunamjua. Ndugu zake walimtupa shimoni, akauzwa ugenini, akafungwa gerezani bila kosa. Njaa ilipowaleta ndugu hao Misri, ghala lilikuwa chini ya amri yake. Angeweza kuwafukuza. Aliwapa chakula. Hata hivyo hakuficha ubaya wao; aliutaja mbele yao, kisha akawasamehe.

Basi, kusamehe si kusema kwamba hakuna kosa lililotendeka. Aliyeua na aliyepora wapelekwe mbele ya sheria. Lakini jirani asiye na kosa asilipishwe kwa sababu tu ni wa kabila lao.

Ninyi mliohama makwenu, watoto wanasikia maombi yenu ya usiku. Wakisikia laana kila siku, watairithi kabla ya kurithi shamba. Mnapoomba kurudi nyumbani, mwombeeni pia yule mtakayekutana naye kisimani.

Nanyi viongozi, kama Yusufu, chakula cha watu kimewekwa mikononi mwenu. Orodha ya msaada isiandikwe kwa kuangalia ukoo. Uvumi ukifika, msiurudie sokoni wala kanisani wala msikitini. Iteni kwanza wazee wa upande unaoshtakiwa, muwasikilize.

Imani si kukaa bure kungoja muujiza. Ni kufanya lililo haki leo, hata kama moyo unauma, na kumwachia Mungu lile tusiloliweza.

Mungu awalinde wote, wa milimani, wa bonde la Ruzizi na wa kando ya ziwa.