Kipimo cha Mkono



Soko Kuu la Kariakoo lilipofunguliwa mwaka 1975, lilifunikwa kwa miamvuli mikubwa ya zege, mfano wa piramidi zilizopinduliwa. Mbunifu wake alikuwa Ndugu Beda Amuli, msanifu wa majengo Mtanzania. Hakuna aliyepata kuuliza kama miamvuli ile ilishushwa na malaika.

Piramidi Kuu ya Giza haikupata heshima hiyo. Kila upande wa msingi wake una meta 230 hivi, na kimo chake cha awali kilikaribia meta 147. Mzunguko wa msingi ukigawanywa kwa kimo hutoa takriban 6.28, yaani pai mara mbili. Mwaka 1859 John Taylor wa London alitoa kitabu kudai kwamba ulinganifu huo haukutokana na akili za Wamisri, bali na watu walioongozwa na Mungu. Madai ya namna hiyo yangali yakirudiwa, na kila yanaporudiwa mfanyakazi wa Kiafrika hunyang'anywa kazi yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wamisri walipima kwa mkono wenye viganja 7, kila kiganja vidole 4. Jambo lisilo geni kwa watu wa pwani, ambao kwao shibiri mbili ni mkono na mikono minne ni pima. Fundi wa Kimisri aliuliza: ukuta ukipanda mkono mmoja, uingie ndani viganja vingapi? Pale Giza jibu lilikuwa 5 na nusu. Basi nusu ya upande ni 5 na nusu kwa kimo cha 7. Msingi una nusu-pande nane, ndiyo kusema mzunguko ni 44 kwa 7. Hiyo ni 22 kwa 7 mara mbili, ile ile pai ya mtoto wa shule! Haikutafutwa, ilikuja pamoja na mteremko.

Aidha, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, karani Ahmose alikokotoa eneo la duara kwa kuchukua sehemu 8 kati ya 9 za kipenyo na kuzizidisha kwa zenyewe. Njia hiyo hutoa pai ya 3.16. Siri ya 3.14 haimo.

Kilichomo ni jasho. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Giza nayo ilikuwa na vikosi vyake: mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye Bahari ya Shamu, yalipatikana mafunjo ya msimamizi Merer, aliyeandika siku kwa siku jinsi watu wake walivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi kwenye piramidi ya Khufu.