Marekebisho ya Mashirika ya Umma Yapimwe kwa Huduma Inayomfikia Mwananchi



Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki, viwanda na mashamba makubwa viliwekwa mikononi mwa umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yalikaribia 400, na mengi yalijiendesha kwa hasara. Ndipo ilipoundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Mjadala mkubwa ulihusu kuuza au kutouza. Swali la mwananchi wa wilayani, hata hivyo, lilikuwa jingine: je, huduma itaendelea kumfikia?

Benki ya Taifa ya Biashara ililemewa na mikopo isiyolipika, mingi ikiwa ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Kama ingeuzwa nzima, matawi ya wilayani, ambako mwalimu hupokelea mshahara, yangekuwa ya kwanza kufungwa. Mwaka 1997 benki hiyo iligawanywa, na NMB ikarithi matawi mengi ya wilayani. Haikuuzwa kwa pupa. Kwanza iliwekewa menejimenti ya mkataba; mwaka 2005 asilimia 49 ya hisa zikauzwa kwa wawekezaji walioongozwa na Rabobank ya Uholanzi; mwaka 2008 wananchi nao wakauziwa hisa kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Serikali ilibaki mwanahisa.

Huduma ya maji ya Dar es Salaam ilipita njia nyingine. Mwaka 2003 uendeshaji wake ulikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Miundombinu ilibaki mali ya DAWASA; kampuni ilipaswa kusambaza maji, kutoa ankara na kukusanya malipo. Mabomba yalikuwa yamechakaa, makusanyo hayakufikia malengo, pande mbili zikalaumiana, na Mei 2005 Serikali ikavunja mkataba. Muda wote huo, familia nyingi ziliendelea kununua maji kwa madumu.

Benki ilidorora ikiwa ya umma. Maji yalikwama yakiwa chini ya kampuni binafsi. Basi umiliki peke yake hautoshi. Kinachohitajika ni wajibu ulioandikwa wazi, hatua zinazopimika na msimamizi anayefuatilia.

Somo hili linaihusu wilaya moja kwa moja. Tangu RUWASA ilipoanzishwa mwaka 2019, miradi mingi ya maji vijijini huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Navyo vina mali ya umma, hukusanya fedha na vinaweza kufilisika. Pampu ikiharibika na akiba ya matengenezo haipo, akina mama watarudi mtoni.

Kwa hiyo, wananchi waulize katika mikutano yao: kiasi gani kimekusanywa, kipi kimetumika, na akiba iko wapi? Madiwani nao wahakikishe majibu yanatolewa kwa tarakimu, hadharani.