Sauti Isiyo na Jina: Juu ya Hifadhi ya Muziki na Kanda za Ukoo Wetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Pickering, Ontario)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kaka na dada zangu, nanyi wanangu na wajukuu mliozaliwa huku ughaibuni,

Nimeombwa nieleze habari za kile kisanduku cheusi kilichoko nyumbani kwangu hapa Pickering, ambacho baadhi yenu husikiliza nyimbo kutoka kwacho mkiwa Muscat, London, Tanga na Dar es Salaam. Wapo wanaouliza kinafanyaje kazi. Wapo pia wanaouliza kina faida gani, ilhali siku hizi kila wimbo hupatikana kwa kugusa kioo cha simu. Nitajibu maswali yote mawili, kisha nitaleta ombi ambalo halifai kungoja mkutano ujao.

Nianze na yaliyomo. Ukoo wetu umekusanya kaseti zipatazo 180 na santuri chache, nazo ni za aina tatu. Aina ya kwanza ni muziki ulionunuliwa dukani: taarabu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, Culture Musical Club, Black Star ya Tanga, na dansi la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Aina ya pili ni nyimbo zilizonaswa kutoka redioni. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ilikuwa na studio ambamo bendi zilirekodi kwa ajili ya matangazo, na nyingi ya nyimbo hizo hazikupata kamwe kutolewa katika santuri. Mtu aliyezipenda aliweka rikoda yake mbele ya redio, akawaambia watoto wanyamaze, akabonyeza kitufe.

Aina ya tatu haikuuzwa popote. Ni harusi zetu, ni nyimbo za akina mama jikoni usiku wa kuamkia sherehe, na ni zile barua za kaseti.

Vijana hawana budi kuelezwa maana ya barua hizi. Siti binti Saad, alipotaka sauti yake iingie katika santuri mwaka 1928, alilazimika kusafiri kwa meli hadi Bombay. Na upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilipoileta kaseti mwaka 1963, mambo yakageuka. Mtu yeyote mwenye betri aliweza kurekodi saa nzima uani kwake. Ukoo wetu ulitawanyika mara kadhaa: wapo waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wapo waliokwenda Oman baada ya mwaka 1970, nasi wengine tukaja huku Kanada baadaye kutafuta kazi. Simu ilikuwa ghali, na bibi zetu wengine hawakuandika. Basi waliisemea kaseti, wakampa msafiri. Ndani yake mna salamu, mna habari za mvua na karafuu, mna orodha ya waliozaliwa na waliofariki, na mara nyingi mwishoni mna wimbo.

Sasa nije kwenye hatari iliyotulazimisha kufanya kazi hii. Kanda ya kaseti ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Unyevu huidhoofisha gundi, joto huupinda utepe, na kuvu hujenga makazi katikati ya mizunguko. Kaseti iliyokaa kabatini Tanga miaka 40 imepigana na vyote vitatu. Aidha, mashine nzuri za kuzichezea zimekuwa adimu. Kuzihamisha kwenda katika kompyuta hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60, nawe umekaa kando unasikiliza isije ikanasa. Nilitumia majira mawili ya baridi katika kazi hiyo. Theluji ya Pickering ina fadhila yake kwa mstaafu.

Kwa kipimo cha ubora wa diski za CD, dakika moja ya sauti hutaka takriban megabaiti 10. Saa moja ni kama megabaiti 635. Kwa hiyo, hata tukihesabu saa 180, mkusanyo wetu mzima ni kama gigabaiti 114, nao hupungua hadi karibu nusu ukibanwa kwa namna ya FLAC, ambayo haipotezi chembe ya sauti. Maisha ya ukoo mzima yanaingia katika diski inayokaa kiganjani.

Kisanduku chenyewe ni kompyuta ndogo isiyo na kioo, yenye diski mbili, iliyounganishwa na ruta ya intaneti ya nyumbani. Ndani yake mna programu inayopanga nyimbo na kungoja kuitwa. Simu yako ikiomba wimbo, kisanduku huutuma kipande baada ya kipande, na simu hukipiga kila kipande wakati kinachofuata kikiwa njiani. Ni kama kufungua mfereji badala ya kubeba pipa. Kwa ndugu wanaonunua bando kwa uchache, kisanduku huubana wimbo zaidi kabla ya kuutuma: kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, saa nzima haizidi megabaiti 60. Mlango nao umefungwa. Hakuna apitaye asiye na neno la siri, na mazungumzo yote kati ya simu na kisanduku hufumbwa njiani.

Hapa napenda kuondoa dhana moja. Diski zile mbili hubeba kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine iendelee. Wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo akiba. Sivyo. Mtu akifuta wimbo, unafutika kote kuwili kwa dakika ileile. Nyumba ikiungua, zinaungua zote mbili. Wajuzi wa kazi hii wana kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Hivi sasa tunazo mbili, na zote ziko Ontario.

Hata hivyo, ndugu zangu, diski hazininyimi usingizi. Diski hununuliwa. Kinachonisumbua ni majina.

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa masjala, Dar es Salaam, na nilipohamia huku nikaajiriwa tena katika ofisi ya kumbukumbu hadi nilipostaafu. Kote kuwili nilikuta sheria moja: jalada lisilo na namba halipo, hata kama umelikalia. Katika kaseti zetu 180, zaidi ya nusu hazikuandikwa chochote, au zimeandikwa neno moja tu, “Harusi” au “Mama”. Harusi ya nani? Mama yupi? Kompyuta itaitunza sauti hiyo kwa uaminifu mkubwa, na kila baada ya miaka kadhaa tutainunulia diski mpya. Lakini kama hakuna amjuaye msemaji, tutakuwa tunamtunza mgeni.

Tazameni tena mfano wa Siti. Santuri za zama zile huvunjika kwa kuanguka mara moja. Lakini Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa sababu hiyo hata asiyepata kuisikia sauti yake anajua kuwa alikuwa binti wa Fumba, na anajua alivyopanda. Sauti na maandishi ni kama macho mawili.

Hapa ndipo faida ya kweli ya kisanduku hiki ilipo, nayo si starehe. Mwaka juzi niliweka kanda moja ya akina mama wakiimba kwa tari, isiyo na maandishi yoyote. Sisi wa Toronto tuliisikiliza mara nyingi, tukatikisa vichwa, hatukumtambua hata mmoja. Mjukuu mmoja aliyeko Tanga akaifungua katika simu yake, akamwekea shangazi yetu mkubwa sikioni. Shangazi aliomba irudiwe. Kisha akataja mji, akamtaja bwana harusi, na akawataja waimbaji wanne kati ya saba, mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mmoja alivyokuwa akiingia. Wa nne alikuwa mama yake mwenyewe. Mjukuu aliandika yote. Shangazi akaahidi kuwafikiria wale watatu waliobaki. Miezi saba baadaye tukamzika, na wale watatu hawana majina hadi leo.

Ndiyo sababu nasema halifai kungoja. Kanda mbovu huweza kuokwa, kusafishwa, kuungwa. Kumbukumbu ya mzee haina fundi.

Kuna mambo mawili ya heshima ambayo sharti niyataje. La kwanza ni siri. Katika barua hizi watu walizungumzia madeni, talaka na ugonjwa, wakijua anayesikiliza ni mmoja. Serikalini tulikuwa na masjala ya wazi na masjala ya siri. Nasi tufanye hivyo. Barua isifunguliwe kwa ukoo mzima mpaka watoto wa msemaji wamekubali. La pili ni haki ya wanamuziki. Nyimbo za dukani tulizinunua ili tusikilize, si ili tuzigawe. Watunzi wana haki zao kisheria, na hapa Kanada, tangu mwisho wa mwaka 2022, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 70 baada ya kifo chake. Kwa hiyo sehemu hiyo haitatolewa nje wala kunakiliwa kwa marafiki. Tunachofungulia ukoo ni kile ambacho ni chetu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu uamue mambo manne.

Kwanza, kila nyumba ipekue makabati na masanduku, na kaseti zote zipatikane kabla ya mwaka kwisha. Asitupe mtu kanda kwa kuwa imekwama au imekatika.

Pili, nakala ya tatu ikae Muscat au Tanga, kwa mtu atakayeteuliwa hapa na jina lake liandikwe katika muhtasari.

Tatu, kila tawi la ukoo limteue kijana mmoja wa kukaa na wazee, simu mkononi na daftari magotini. Aulize mambo manne tu: nani anasema, wapi, mwaka gani, na anayejibu ni nani.

Nne, ateuliwe mrithi wa kazi yangu. Nimevuka miaka 60, na neno la siri lililomo kichwani mwa mtu mmoja ni ufunguo uliotupwa baharini. Nimeliandika, nimelifunga katika bahasha, nangoja kuambiwa nimkabidhi nani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu tunayo. Daftari bado liko vichwani mwa wazee walioketi safu hii ya mbele, na wengine hawakuweza kusafiri. Baada ya chakula cha mchana nitapiga kanda sita zisizo na majina. Nawaomba wazee wakae karibu na spika, na vijana waje na kalamu.